Gitaa moja la umeme kwa taarab ya kisasa na bendi ya hoteli: Squier, Epiphone, Pacifica, au hii Revstar isiyosemwa?

Solo_wa_Jang'ombe

Assalaam alaykum wakuu. Nimejikusanyia vijisenti na nataka gitaa moja tu la umeme linitoshe kwa kazi zangu mbili. Siku za kati tunapiga hoteli za Paje na Kiwengwa, kila namna: dansi la zamani, rege, na chochote mgeni atakachoomba. Wikiendi niko harusini kwenye taarab ya kisasa, nashika solo. Ninalopigia sasa ni la kuazima na mwenyewe ameshaanza kulitaka.

Nimechuja mpaka yamebaki manne: Squier Classic Vibe ya umbo la Stratocaster, Epiphone Les Paul Standard, Yamaha Pacifica 112V, na la nne ndilo lililonileta hapa, Yamaha Revstar Element, RSE20. Hili nimelikuta Kariakoo ya Dar, limetundikwa pembeni, watu wote wako upande wa Strat, yaani Stratocaster. Nikaliomba, nikalipiga kidogo, na tangu hapo halinitoki. Nikiwaambia wenzangu wa bendi wananicheka: Yamaha si mashine ya boti?

Anayelijua anieleze. Lina nini, na kwa nini hakuna anayelisema?

BesiNzito

Chukua Yamaha ya farasi arubaini, ukimaliza kupiga unawapeleka wageni Mnemba 😂

Kwa kweli lakini, chukua Strat ulale. Spea zipo kila pahali, kila fundi anaijua, na ukitaka kuiuza haikai wiki.

FundiNyuzi

Besi, Yamaha ilianza na vinanda, mwaka 1887. Pikipiki na mashine za boti ni kampuni yake mbali tangu 1955. Hata hivyo kicheko chako si cha bure, maana waliochora Revstar walisema wenyewe kuwa walitazama pikipiki za mbio zilizokuwa zikichezewa na vijana wa London miaka ya 1960. Tazama lile tumbo lake lilivyopinda, kama tangi la mafuta.

Sasa Solo, nitakujibu kwa ninachokiona mezani kwangu, si kwa ninachokisoma. Kisiwa hiki kinakula chuma. Gitaa likikaa hoteli ya ufukweni msimu mmoja, daraja lake, pale nyuzi zinapokalia mwilini, ndilo linalosema. Kwenye Strat, uzi mmoja mmoja una kitandiko chake, na kila kitandiko kina viskrubu viwili vidogo vya ufunguo wa alenki vya kupandishia na kushushia. Jasho la kiganja na chumvi ya upepo vinakaa ndani ya lile tundu, kutu inakula pembe zake sita, siku ukitia ufunguo unazunguka bure. Vitandiko sita, viskrubu kumi na viwili. Nimeshavitoboa kwa drili mara nyingi kuliko ninavyopenda. Pacifica 112V ni mtindo huo huo wa daraja, kwa hiyo na yenyewe imo.

Epiphone na Revstar daraja lao limesimama juu ya nguzo mbili, unalipandisha lote kwa pamoja. Skrubu ni chache na ni kubwa, ukilifuta baada ya kupiga linakaa. Halafu halina mkono wa tremolo, ule wa kutikisia sauti. Hili wapigaji wa harusi hawalifikirii mpaka liwakute: daraja la tremolo likiwa linaelea juu ya springi, ukikata uzi mmoja katikati ya wimbo, mitano iliyobaki yote inapanda sauti. Bi harusi anaingia, na wewe huna hata uzi mmoja ulio sawa. Kwenye daraja lililokazwa, unakata uzi na unamaliza wimbo na mitano.

Hapo kimebaki kupambanisha Epiphone na Revstar. Les Paul ni nzito, na umesema unapiga hoteli na harusi wiki nzima. Ukisimama nayo tangu isha mpaka alfajiri, bega litakwambia. Revstar za 2022 kuja juu mwili wake ni mahogani iliyochimbwa vyumba ndani, imepungua uzito na inaitika hata bila kuchomekwa. Toleo la mwanzo, la 2015, halikuwa na vyumba hivyo, kwa hiyo ukiuziwa la mkononi angalia namba. RS320 na RS420 ni za zamani. RSE, RSS na RSP ni mpya.

BintiGanuni

Fundi kasema ya chuma, mimi niseme ya maqamu, zile ngazi za sauti za Kiarabu, maana naona gitaa la taarab linazungumzwa kana kwamba litapigiwa roki.

Kaka Solo, ukipiga maqamu ya Rast, sauti ya tatu haipo kwenye freti yoyote, vile vyuma vya shingoni, ya gitaa lako. Ipo katikati ya mbili. Udi na fidla hazina freti, kidole kinakwenda kinapotaka. Sisi wa ganuni tuna vile vibati vya kunyanyua pembeni. Wewe huna ujanja ila kubana freti ya chini na kuusukuma uzi robo toni, na uusukume robo kweli, si karibu na robo, kwa sababu fidla iko pembeni yako inaipiga sawasawa na watu wanasikia.

Kwa hiyo urefu wa uzi ni jambo kubwa. Strat na Pacifica, kutoka daraja mpaka kichwani, ni inchi 25.5. Les Paul na Revstar ni 24.75. Uzi ule ule, sauti ile ile, kwenye fupi mkazo unapungua kama asilimia 6. Kwa kuisema ni kidogo. Ikishapita saa sita ya usiku na vidole vimechoka, ndipo utakapoijua, maana hapo ndipo solo wengi wanapoanza kuifanya Rast iwe meja ya kizungu.

MpembaWaWete

Dada umenena vyema, ila hiyo asilimia 6 Solo anaipata kwa bei ya pakiti moja ya nyuzi. Atoe nyuzi za kumi aweke za tisa, nyembamba zaidi, mkazo unapungua zaidi ya hapo, na gitaa ni lile lile. Asinunue gitaa kwa ajili ya robo inchi tatu.

Mimi nasimama na Pacifica, na nitasimama peke yangu ikibidi. Kwanza bei, ni rahisi kuliko Revstar, na hilo mmelipita kimya nyote. Pili ina pikapu tatu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, mbili za koili moja na ya darajani ni hambaka, yaani ya koili mbili, na ukivuta kifundo hambaka inakatwa inakuwa koili moja. Sauti za Strat unazo, na sauti nzito unayo. Tatu, shingo imefungwa kwa skrubu nne. Ikipinda kwa joto la huku unaifungua, unaitengeneza au unabadilisha. Revstar shingo yake imegundishwa mwilini kwa gundi. Siku likidondoka jukwaani Chake, shingo ikaatuka, fundi wa kuirudisha utamtafuta wapi?

Na kama ni kusahauliwa, hiyo Pacifica nayo imesahauliwa. Tangu miaka ya 1990 watu wanaiita gitaa la kujifunzia, na wapo wanaoipiga jukwaani miaka yote.

FundiNyuzi

Ya shingo nakubali bila ubishi. Ya kupinda kwa joto, hapana. Zote zina chuma cha kurekebishia ndani ya shingo, na mara nyingi ninazoletewa kwamba zimepinda zinataka kuzungushwa robo tu.

BesiNzito

Strat.

Solo_wa_Jang'ombe

😂 Besi tumekusikia.

Wakuu, kuna jambo sikulisema. Kumbi tunazopiga, umeme wake mnaujua. Soketi haina ethi, taa za rangi zimechomekwa waya mmoja na amplifaya, na gitaa la kuazima (ni la koili moja) linavuma mpaka mshehereshaji ananigeukia. Nikishika nyuzi linapungua, nikiachia linarudi. Revstar dukani lilikuwa kimya kabisa. Ni dukani tu pana umeme mzuri, au ndivyo lilivyo?

FundiNyuzi

Ndivyo lilivyo, na hapa ndipo penye sababu ya mimi kulipenda.

Koili moja ni waya uliozungushwa kwenye sumaku. Unanasa mtikisiko wa uzi na unanasa uchafu wote wa umeme ulio hewani, hauchagui. Hambaka ni koili mbili zilizozungushwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa. Mvumo ukiingia kwenye zote mbili unajifuta, sauti ya uzi inajumlika. Ni ufundi wa tangu 1955 kule Gibson. Ila una gharama: sauti inanenepa, na solo letu la dansi na la taarab halitaki unene. Linataka kupenya juu ya kinanda na ngoma. Ndiyo maana watu wanarudi kwenye koili moja na kuvumilia mvumo, au wanaikata hambaka kama kwenye Pacifica. Lakini ukiikata imekuwa koili moja, na mvumo umerudi palepale.

Revstar Element hawakuikata. Ukikivuta kifundo cha toni juu, sauti inapitishwa kwenye kichujio kinachopunguza besi, koili zote mbili zikiwa bado kazini. Kichujio hicho hakitumii betri. Unapata wembamba, unapata kupenya, na ukumbi umenyamaza. Wenyewe wanakiita Dry Switch. Watu wengi wanalipiga dukani bila kujua kwamba kile kifundo kinavutika, wanaondoka wakisema ni Les Paul nyengine tu. Tatizo la mvumo wa kumbi zetu linatibiwa na kitu ambacho hakuna aliyekiandika kwenye lebo ya bei.

Kibangala

Vijana, nimewasoma tangu mwanzo. Niongeze la kwa nini halisemwi.

Gitaa linanunuliwa kwa macho kabla ya masikio. Kijana anamwona mtu anayempenda ameshika Strat, basi ni Strat mpaka kufa. Stratocaster ipo tangu 1954, Les Paul tangu 1952. Miaka sabini ya picha hizo, utashindana nazo na nini? Yamaha wenyewe walikuwa na mtu wao. Santana alipiga SG2000 yao katikati ya miaka ya 1970, gitaa lenye pembe mbili lililowatisha Wamarekani. Revstar ni mjukuu wa ukoo huo, lakini limekuja likiwa na sura ya peke yake, halimwigi mtu, na jina lake halijafungamana na wimbo wowote ambao mtu wa Mlandege au wa Texas anaweza kuuimba. Likaingia sokoni likiwa zuri na halina shangazi wa kulisifu.

Kwangu hiyo ni faida yako wewe. Unapata shingo iliyogundishwa, mwili wa mahogani, hambaka zenye sumaku za Alnico 5, na hulipii jina.

Swali langu kwa Fundi: umemshauri Element. Kwa nini si Standard?

FundiNyuzi

Pesa, maalim. Angekuwa nazo ningemwambia Standard, RSS20, bila kufikiri. Freti zake ni za stenlesi, na kwa Paje hilo peke yake linatosha. Freti za kawaida hazioti kutu nyekundu, lakini hupauka na kukwaruza, na nyuzi zikizisugua kila siku zinachimbika vijibonde, khasa kwa mtu anayesukuma robo toni kama anavyotaka Binti. Stenlesi utalichoka gitaa wewe kabla yake. Shingo yake imetiwa kaboni, na swichi ya pikapu ina nafasi tano badala ya tatu. Kifundo kile kinachovutika kwenye Standard kinafanya kazi nyengine kabisa: kinaongeza nguvu ya kati na besi, sauti inajaa. Kwa hiyo akitaka wembamba niliousema, Element ndiyo inayo, na Standard anautafuta kwenye zile nafasi mbili za ziada za swichi. Kuna na RSS02T yenye pikapu za P90. Hiyo kwa kumbi zake asiiguse, ni koili moja, itamvumia. Professional inatengenezwa Japani, tuiache huko huko.

MpembaWaWete

Fundi sasa umemchanganya mtu. Alikuja na manne, ameshakuwa na saba.

Solo_wa_Jang'ombe

Sijachanganyikiwa mkuu 😂 Nimerudi Dar, nikaomba Pacifica na Revstar zote mbili kwenye amplifaya moja, na jamaa wa duka akaniwashia feni na taa zote kwa hisani yake.

Pacifica ni gitaa la haki, Mpemba hukusema uongo. Pikapu ya shingoni ina utamu ambao Revstar haina, ile sauti ya kioo. Shingo yake nyembamba, mkono haufikiri. Ningekuwa napiga hoteli tu ningeishia hapo. Nilipokata hambaka, mvumo ukaja na feni.

Revstar nikavuta kile kifundo, pikapu ya darajani, nikapiga sebene. Ikatoka kavu, kila noti imesimama peke yake, na nikiondoa mkono kwenye nyuzi: kimya. Nikajaribu Rast. Dada BintiGanuni, sijui kama ni asilimia 6 au ni nini, ila ile ya tatu niliikuta pale pale na ikakaa. Kinachonikera ni kwamba ukikisukuma kifundo kirudi chini, sauti inajaa ghafla na kuruka, kwa hiyo katikati ya wimbo hukigusi bila kupunguza volyumu kwanza. Na jukwaani kwenye giza kukivuta kwa vidole vyenye jasho ni kazi, kinateleza.

Nimelipa kianzio cha Element nyeusi. Nyuzi nitie kumi au tisa? Na kwa boti litakaa kwenye begi laini au nitafute kasha gumu?

BintiGanuni

Kumi. Ukitia tisa kwenye shingo fupi utapitiliza robo bila kujua.

MpembaWaWete

Kasha gumu, kwa ile shingo niliyoisema. Hongera lakini.

FundiNyuzi

Kumi, na kasha gumu. Kabla hujalipeleka Paje lipitishe kwangu: nitatoa skrubu za daraja na za pikapu moja moja nizipake grisi, na kile kifundo nitakivisha mpira wa valvu ya baiskeli kisikuteleze. Besi, na lile la kwako lilete, daraja lake nililiona wiki ile.

BesiNzito

Liko sawa.

FundiNyuzi

Haliko sawa. Lilete.