Naomba ushauri: ukuta unapanda unyevu, rangi haikai

Wakuu, habari zenu. Naombeni mawazo yenu, hapa nimekwama.

Nyumba ni ya tofali za saruji, ina miaka 6. Ukuta wa nje wa chumba cha watoto unaloa kuanzia sakafuni hadi kama sentimita 70. Rangi inabanduka na unga mweupe wa chumvi unatoka kwenye plasta. Juu ya hapo ni pakavu kabisa. Upande huo hakuna bomba, na paa halivuji.

Nimekwangua, nikapiga puti na rangi ya mafuta mara mbili. Baada ya miezi michache yanarudi yale yale. Juzi nilibandika nailoni ukutani siku 2, matone yakatokea upande unaogusa ukuta. Nimeona pia udongo wa nje umepanda kupita usawa wa sakafu, na fundi aliyejenga hana uhakika kama aliweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Naumia, watoto wanalala humo.

Je, nikishusha udongo, nikabandua plasta na kuacha ukuta ukauke, itatosha? Au ni lazima tukate ukuta kipande kwa kipande tuingize nailoni?