Nimeambiwa kukosa usingizi ndiyo tabia yangu. Je, tabia inatibika?

FundiKihonda

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, miaka 41, naishi Kihonda, Morogoro. Nashona sare za shule, na tangu mwaka juzi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake 28. Naombeni mnisome hadi mwisho, nimechoka sana.

Tangu Februari silali. Napanda kitandani saa tatu usiku ili niupate usingizi mapema, nagaagaa mpaka saa saba ndiyo napitiwa. Saa tisa macho makavu. Hapo ndipo linakuja sanduku la kikoba. Sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo unakaa kwa mama mwingine, mimi sina hata mmoja. Nikitaka kulifungua siwezi. Lakini nanyanyuka gizani naenda kulishika, kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu, narudi kitandani. Baada ya muda nanyanyuka tena. Nikilala chali naanza kukumbuka vitabu: hisa za mama fulani nilizigonga muhuri au sikuzigonga? Natazama saa kwenye simu, napiga hesabu kwamba nikilala sasa hivi nitapata saa mbili. Zikipita dakika arobaini napiga hesabu upya.

Ilianza siku hesabu ilipopungua shilingi 60,000. Tulizipata wiki ileile, kurasa mbili za daftari zilikuwa zimegandana. Wanachama walicheka, yakaisha. Kwangu usingizi haukurudi.

Dada yangu ananiambia, "Wewe ndivyo ulivyoumbwa." Na siwezi kumkatalia. Nikiwa darasa la nne nilikuwa naamka usiku kupapasa mkoba kama daftari la hesabu limo. Mama akienda gulioni nilikuwa sili mpaka nimwone anakata kona. Sasa swali langu ni hili: kama hii ndiyo haiba yangu tangu utotoni, ina maana nitaishi hivi mpaka nife? Au kuna dawa ya tabia?

Ajabu ni kwamba mume wangu ni kinyume changu kabisa. Akigusa mto dakika tano nyingi, anakoroma mpaka watoto wanamsikia chumba cha pili. Alikuwa mtu mpole na mcheshi, miaka miwili hii amegeuka mkali, anasahau mambo, anasinzia na tonge mkononi. Wakwe wanasema barabara imemharibia tabia, yeye ni dereva wa Fuso, anabeba mchele kwenda Dodoma. Hilo nimelitaja tu. Shida ninayoomba msaada ni ya kwangu.

Kaka_Iringa

Pole sana dada. Usijitese. Mimi nilikuwa hivyohivyo, mtu wa kuwaza. Nenda duka la dawa waambie wakupe diazepam, nusu kidonge usiku, utalala fofofo. Wakikunyima chukua Piriton. Mimi hiyo diazepam naitumia mwaka wa pili sasa.

Tabibu_Ngamiani

Mwanangu, pole. Nimekuwa afisa tabibu miaka 34, sasa nimestaafu nipo Tanga. Nitakujibu yako, lakini nianze na mumeo, kwa sababu umemtaja pembeni na yeye ndiye asiyeweza kusubiri.

Usiku wa leo, kwa kuwa uko macho, msikilize. Je, anakoroma kwa nguvu, kisha kimya kabisa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini? Hesabu ukimya huo. Kama unafika sekunde kumi au zaidi na unajirudia, mumeo huenda hajabadilika tabia hata kidogo. Koo lake linajiziba akiwa amelala, hewa haipiti, ubongo unamwamsha nusunusu ili apumue, naye asubuhi hakumbuki chochote. Kuziba mara tano kwa saa moja kukiandamana na kusinzia mchana kunatosha kuitwa ugonjwa, na mara 30 kwa saa ni hali nzito. Mtu aliyekatishwa usingizi mara 30 kila saa atakuwa mkali. Atasahau. Atasinzia na tonge mkononi, na siku nyingine atasinzia na usukani mkononi. Hili linaniuma, maana nimewapokea madereva wa namna hiyo kwenye machela, na ndugu zao walikuwa wananiambia, "Siku hizi amekuwa mkorofi tu."

Apelekwe hospitali ya rufaa, aseme waziwazi kwamba ni dereva. Wampime na presha, kwa kuwa hizo mbili hutembea pamoja. Hadi hapo asiendeshe usiku, alale kwa ubavu, asinywe pombe jioni, na asiguse kidonge cha usingizi, kwa kuwa pombe na vidonge hivyo vinalilegeza koo zaidi. Matibabu yapo. Tangu mwaka 1981 kuna mashine iliyobuniwa na daktari wa Australia, Colin Sullivan, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge.

Sasa yako. Dada yako yuko sahihi nusu. Wanasaikolojia hupima haiba ya mtu kwa mambo makuu matano: udadisi wa mapya, uangalifu na nidhamu, uchangamfu, upole, na la tano ni wepesi wa kuingiwa na hofu, huzuni na maudhi, ambalo wao huliita nyurotisizimu. Hilo la tano ndilo linalofungamana zaidi na kukosa usingizi, tafiti nyingi zinakubaliana. La pili, uangalifu, kwa kawaida humsaidia mtu alale vizuri kwa kuwa ana saa zake na hazivunji. Nikikusoma naona unayo yote mawili. Na tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu hutokana na kurithi, kwa hiyo wala si kosa lako kwamba ulikuwa unapapasa mkoba darasa la nne.

Ila sikiliza hapa. Ulikuwa na haiba hiyohiyo Januari, na Januari ulikuwa unalala. Mwaka 1987 Mmarekani Arthur Spielman na wenzake waliligawa tatizo hili mafungu matatu. Kuna kinachokuweka karibu na shimo, ndiyo haiba yako. Kuna kilichokusukuma, ndizo zile 60,000. Na kuna kinachokuzuia usitoke, nacho mara nyingi ni yale mtu anayoyafanya kuutafuta usingizi. Wewe unapanda kitandani saa tatu ilhali usingizi wako unakuja saa saba. Hizo saa nne kila usiku unakifundisha kitanda kuwa ni mahali pa kuhangaikia. Unatazama saa. Unashika kufuli, roho inatulia kidogo, na kwa kuwa imetulia, kesho usiku itataka ukaishike tena. Fungu hili la tatu ndilo linalotibika, na halihitaji wewe uzaliwe upya.

Fanya hivi kwa wiki mbili. Amka saa kumi na moja alfajiri kila siku, hata Jumapili, hata kama hukulala. Usipande kitandani kabla ya saa sita usiku. Ndiyo, saa sita. Kwa sasa hulali hata saa tano, tunakupa hizo tano kitandani, usiteremke chini ya hapo. Ukikaa kitandani kama robo saa bila usingizi, toka, kaa kwenye kiti sebuleni na taa hafifu, kunja nguo, rudi macho yakiwa mazito. Simu ilale jikoni. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa saba mchana, kwa sababu nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini saa tano baadaye. Na jioni mapema, saa kumi na mbili, kaa na daftari andika kila linalokutia wasiwasi na hatua utakayochukua kesho, kisha lifunge. Wiki ya kwanza utajisikia vibaya kuliko sasa, usishangae, na usishike mkasi wa umeme ukiwa unasinzia. Mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, asijaribu haya bila daktari wake.

Kuhusu sanduku: ombeni likae kwa mwanachama mwingine kwa mwezi mmoja. Kama bila sanduku utahamia kwenye kitasa, jiko na mlango, na ikawa zaidi ya saa nzima kwa siku, hiyo ni hali nyingine, nayo ina tiba yake. Mwambie daktari.

Kaka_Iringa, nakuomba kwa heshima. Diazepam inakaa mwilini siku kadhaa, mwili unaizoea na unadai zaidi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu mafunzo ya tabia kama haya yaanze, dawa ifuate ikibidi. Lakini wewe uliyetumia mwaka wa pili USIACHE GHAFLA, unaweza kupata degedege. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu.

Mlinzi_Likoni

Mzee nimekusoma kwa makini. Mimi ni mlinzi wa usiku Likoni, Mombasa. Shida yangu ni jinamizi. Nikilala mchana chali, naamka akili iko wazi lakini siwezi kutikisa hata kidole, na kifuani kuna mtu amenikalia. Nyumbani wanasema ni mimi mwoga. Ni haiba pia hiyo?

Tabibu_Ngamiani

Mwanangu, si uoga. Tunapoota mwili hufungwa usitembee, na wewe akili inaamka kabla ya kamba kufunguliwa. Watu wenye wasiwasi hupatwa zaidi, lakini zamu za usiku, usingizi mchache na kulala chali vinatosha kulileta jinamizi hata kwa jasiri. Lala ubavu, weka pazia zito, lala saa zilezile. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu badala ya kupigana na kifua. Ukianza kuanguka ghafla unapocheka, au usingizi kukubeba ukiwa umesimama, hapo muone daktari haraka.

FundiKihonda

Shikamoo mzee wangu. Usiku ule nilimsikiliza kama ulivyosema. Nilihesabu kwa sauti ndogo. Kumi na saba, ishirini na mbili, mara moja thelathini na moja. Nililia, kwa sababu usiku wote huo nilikuwa macho pembeni yake nikiwaza kufuli ambazo zimefungwa, na yeye alikuwa anakosa hewa hapohapo. Nilimrekodi kwa simu, asubuhi nikamsikilizisha. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mara mbili amezinduka gari likiwa limeshavuka mstari, maeneo ya Gairo, na hakutaka nijue.

FundiKihonda (wiki saba baadaye)

Mzee wangu na wote, nimerudi.

Wiki ya kwanza nilitaka kuacha. Siku ya nne nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia nikafumua. Siku ya kumi nilipitiwa na usingizi saa sita na nusu usiku nikaamshwa na kengele, kitu ambacho hakijatokea tangu Februari. Sanduku liko kwa mwenyekiti. Siku tatu za mwanzo nilikuwa nikinyanyuka na kusimama mahali lilipokuwa, sakafuni hamna kitu, nikarudi kulala. Sasa siendi. Wasiwasi wangu upo palepale mchana, bado nahesabu pesa mara tatu, na kikoba wamesema hawataki mweka hazina mwingine.

Mume wangu alipimwa Dar es Salaam. Pumzi inakatika mara 38 kwa saa. Mashine ni ghali, tumeweka akiba nusu na kikoba kimenikopesha sehemu. Tajiri wake amekubali apakie na kusimamia ghala mpaka atibiwe. Analala ubavu, nimemshonea mfuko mgongoni kwenye fulana, nikauweka mpira wa tenisi ndani, akigeuka chali unamwamsha. Juzi alimwomba mtoto wetu wa kwanza msamaha kwa kumfokea mwaka jana. Mtoto alikuwa ameshasahau.

Swali langu: sasa nalala karibu muda wote niliopewa, kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja. Naruhusiwa kuongeza?

Tabibu_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Ndiyo. Panda kitandani dakika 15 mapema, yaani saa sita kasorobo. Kaa hapo wiki nzima, ukilala vizuri ongeza 15 nyingine. Saa ya kuamka usiiguse. Na mashine ikifika nijulishe, kuifunga barakoa usiku wa kwanza kuna namna yake, nitakuelekeza.