Mpira ukigusa mguu, nipulize kila mara?

Mwalimu wa Katuba
Jambo yenu. Nafundisha michezo katika sekondari moja hapa Lubumbashi. Jumamosi nilichezesha mpira wa magongo, wanafunzi wetu na wa shule jirani, kwenye kiwanja chetu cha udongo mwekundu. Tulikuwa waamuzi wawili, kila mtu na nusu yake. Mimi nimezoea futiboli, mwamuzi wa kati anakimbia kiwanja kizima, kwa hiyo kubaki upande wangu kulinisumbua. Lakini sikuja kwa hilo.

Kiwanja kina vijiwe. Mpira unaruka na kugonga miguu ya watoto. Kila ulipogusa mguu nilipuliza, maana niliambiwa mguu ni kosa. Dakika kumi za mwanzo midomo ilinikauka. Kisha binti mmoja akampita beki wa mwisho, bado hajaingia nusu duara, lile eneo la mbele ya goli ambamo shuti huhesabika. Mpira ukamgusa beki ncha ya kiatu, ukaendelea mbele ya yule binti, akabaki yeye na kipa. Nikapuliza, nikampa pigo huru. Aliniangalia tu. Macho yale ninayo mpaka leo.

Ninyamaze lini?

Yaya wa Kampemba
Mwalimu, pole. Mimi nilicheza Kitwe, upande wa Zambia, nilipokaa kwa mjomba. Uliambiwa nusu ya kanuni. Mpira kugusa mguu si kosa peke yake. Ni kosa mguswa akipata faida, au akijiweka makusudi ili azuie kwa mwili. Beki wako alipata nini? Hakupata kitu. Binti alikuwa na mpira na njia. Ulipopuliza mabeki wakarudi, wakajipanga, na aliyekosewa ndiye aliyeumia.

Filimbi isikae mdomoni, ishike mkononi. Kosa likitokea, tazama kwanza: aliyekosewa bado anao mpira? Kama anao, nyoosha mkono juu kuelekea anakoshambulia, wote waone kwamba umeona na umeacha. Hiyo ishara inatuliza watoto kuliko maelezo. Hata beki anajua hukulala.

Na usimame vizuri: ukitazama kiwanja, goli la nusu yako liwe mkono wako wa kuume.

Papa wa Ruashi
Yaya amesema vizuri, ila naongeza jambo moja na nalisema kwa uchungu. Mpira ule una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Rafiki yangu alipoteza meno mawili ya mbele, mwamuzi akisubiri faida. Hatari haina kusubiri. Mtoto akiuinua mpira kumwelekea mpinzani aliye ndani ya mita 5, puliza papo hapo, hata kama timu nzima inakimbilia goli. Laza mkono kifuani kimshazari, waelewe ni mchezo wa hatari. Kwenye udongo wenye vijiwe, mpira unaopaa bila mtu kukusudia ndio wa kuogopa zaidi.

Watoto wenye kadi ya kijani, ile ya onyo, watoke dakika 2 kweli, hata akiwa mtoto wa mkubwa. Ya manjano, zisipungue 5.

Mwalimu wa Katuba
Asanteni sana. Yaya, leo asubuhi nilimwita yule binti nikamwambia filimbi yangu ilikosea. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Jumamosi nitachezesha mimi tena. Nikasema ndiyo.

Papa, nisaidie na kona ya adhabu, ile wanayopewa washambuliaji beki akikosea ndani ya nusu duara. Mpira lazima utoke nje ya nusu duara kabla ya shuti, hapo nimeelewa. Lakini pigo la kwanza la nguvu lisivuke mstari wa goli juu kuliko ubao wa chini ulio ndani ya goli, na goli letu ni miti miwili na kamba. Nitajuaje urefu?

Papa wa Ruashi
Ubao ni sentimita 46. Pima kwa futi ya fundi, funga kitambaa chekundu kwenye kila mti kwa urefu huo. Pigo la kwanza likipita juu ya kitambaa, goli hakuna. Ila akiusukuma na kuuinua kwa gongo bila kuupiga, mpira unaweza kwenda juu, mradi hauna hatari. Waonyeshe watoto kitambaa kabla hamjaanza, wa timu zote mbili, na mlinda goli aje akiguse.

Yaya wa Kampemba
Mwalimu, mechi ni saa ngapi? Nataka kuja na filimbi yangu, nishike nusu ya pili ya kiwanja.