Ufidiaji wa mtawanyiko njia ya Dar es Salaam hadi Morogoro: moduli zikae wapi, na za kilomita ngapi?

NuruKijitonyama ameuliza:

Habari za kazi, wahandisi wenzangu. Naomba ushauri kuhusu njia ya mkongo tunayoiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kupitia Chalinze. Kampuni yetu ni ndogo, tumekodi jozi moja tu ya nyuzi, na kwa karatasi tulizopewa na mwenye mkongo kipande cha kwanza kina kilomita 112 na cha pili kilomita 90, vyote vya aina ya G.652, yaani mkongo wa kawaida. Dar es Salaam tuna amplifaya (kikuza mwanga) ya kurushia, Chalinze tuna kibanda chenye amplifaya ya hatua mbili, na Morogoro tuna amplifaya ya kupokelea. Kusudi letu ni kupitisha mawimbi manane ya gigabiti 10 kila moja, yote yakiwa kati ya nanomita 1546 na 1552.

Wiki iliyopita tulijaribu wimbi moja kutoka mwisho hadi mwisho bila moduli yoyote ya kufidia mtawanyiko, yaani kule kunenepa kwa mapigo ya mwanga yanaposafiri. Mwanga uliofika Morogoro ulisomeka hasi 14 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), ilhali transiva yetu, kifaa cha kurusha na kupokea mwanga, inaweza kupokea hadi hasi 23, kwa hiyo nguvu ilikuwepo ya kutosha na kubaki. Hata hivyo mlango ulikuwa ukiwaka na kuzima, na kila ulipowaka hesabu ya makosa ilipanda kwa maelfu. Tulisafisha viunganishi mara tatu, tukabadilisha transiva, hali ikawa ile ile. Kilichotushangaza ni kwamba tulipochomeka transiva za gigabiti 1 kwenye nyuzi hizo hizo, data ilipita safi usiku kucha.

Karatasi ya transiva ya gigabiti 10 inaahidi kuvumilia mtawanyiko wa hadi pikosekunde 1,450 kwa nanomita. Muuzaji mmoja wa hapa mjini ametushauri tununue moduli mbili za kilomita 100, yaani kila moja ya kufidia kilomita 100 za mkongo, ili tufute mtawanyiko wote, tuzifunge zote mbili Morogoro kabla ya amplifaya, na mambo yataisha. Je, ushauri huu ni sahihi? Na je, kuna haja ya kununua moduli ikiwa baada ya miaka miwili tunatarajia kuhamia gigabiti 100?

MzeeWaMaungio, Ubungo, amejibu:

Salaam, kijana wangu. Umeeleza vizuri, na jaribio lako la gigabiti 1 limekwisha kukupa jibu la nusu ya swali. Uvumilivu wa mtawanyiko hupungua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara kumi, uvumilivu unashuka kiasi cha mara mia. Ndiyo maana mkongo ule ule unaopitisha gigabiti 1 bila wasiwasi unaivuruga gigabiti 10, hata kama mwanga ni mwingi. Mapigo ya mwanga yanafika yakiwa na nguvu, ila yamenenepa na kulaliana, na kipokezi hakiwezi tena kutofautisha moja na sifuri. Kuongeza nguvu hapo ni sawa na kumpigia kelele mtu ambaye shida yake si kusikia bali ni maneno yaliyochanganyika.

Sasa tufanye hesabu. Mkongo wa G.652 hutawanya takriban pikosekunde 17 kwa nanomita kwa kila kilomita kwenye nanomita 1550. Kilomita 202 mara 17 ni 3,434, na transiva yako inavumilia 1,450. Hata kipande cha kwanza peke yake, kilomita 112, kina 1,904, maana yake usingefika hata Chalinze salama. (Kuanzia hapa nitaandika pikosekunde tu, msomaji aelewe kuwa ni kwa nanomita.)

Kuhusu kufuta mtawanyiko wote, simkubalii muuzaji wako. Moduli mbili za kilomita 100 zinaondoa takriban 3,400 na kukuachia 34, na kwenye karatasi inapendeza macho. Lakini kilomita ulizopewa ni za karatasi, na karatasi hukosea. Mkongo ukiwa mfupi kuliko ulivyoandikwa, au ukiwa na kipande cha aina nyingine, utaangukia upande wa hasi, na karatasi yako ya transiva, kwa jinsi ulivyoieleza, inaahidi upande wa chanya. Mimi ningechukua moduli mbili za kilomita 80. Zinaondoa 2,720, zinakuachia 714, yaani katikati kabisa ya uwanja ambao transiva inaumudu, na una nafasi ya kukosea pande zote mbili.

Mteremko, yaani mtawanyiko kubadilika kutoka wimbi moja hadi jingine, usikusumbue sana kwa mpango huu. Mtawanyiko wa G.652 huongezeka kwa karibu 0.058 kwa kila nanomita ya wimbi kwa kila kilomita, kwa hiyo kati ya wimbi lako la kwanza na la mwisho, nanomita sita kwa kilomita 202, tofauti ni kama pikosekunde 70 tu. Siku mtakapotaka kujaza bendi yote kuanzia 1530 hadi 1565, tofauti hiyo itafika 400 na zaidi, na hapo itabidi moduli ziwe zile zinazofidia na mteremko wenyewe.

Nataka nikae kidogo kwenye swali la mahali, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu kazi iliyokwisha kuhesabiwa vizuri. Moduli ya mkongo fidia si kitu cha bure. Ndani yake kuna kilomita nyingi za uzi wenye kiini chembamba, unaotawanya kinyume kwa kama pikosekunde 100 kwa kilomita, na uzi huo hula mwanga kwa takriban desibeli 0.5 kwa kilomita. Pamoja na viungio, moduli kubwa hula desibeli nane hivi. Tuseme unarusha kila wimbi kwa 2 dBm kutoka Dar es Salaam, na kipande cha kilomita 112 kinakula desibeli 28 ukihesabu na maungio. Wimbi linaingia amplifaya ya Chalinze likiwa hasi 26. Kanuni tunayotumia kazini ni 58, jumlisha nguvu inayoingia, toa kelele ya amplifaya; kwa amplifaya yenye kelele ya 5.5 unapata uwiano wa ishara na kelele wa desibeli 26.5. Weka moduli yenye hasara ya 8.5 kabla ya amplifaya hiyo, na uwiano unaanguka hadi 18, ambao kwa gigabiti 10 isiyo na msimbo wa kusahihisha makosa ni mahali pa kuombea mvua isinyeshe. Morogoro hasara ya kipande ni ndogo zaidi, lakini kosa ni lile lile, na muuzaji anataka moduli zote mbili zikae hapo, kabla ya amplifaya, yaani desibeli 17 zipotee kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo moduli ya kwanza iweke Chalinze, kati ya hatua ya kwanza na ya pili ya amplifaya, kwa sababu nafasi ile imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo: hatua ya kwanza imekwisha kuinua ishara, hasara ya moduli haigusi tena uwiano kwa kiasi cha maana, na hatua ya pili inarudisha nguvu. Moduli ya pili iweke Morogoro baada ya amplifaya ya kupokelea. Tahadhari moja: usiingize nguvu kubwa kwenye mkongo fidia. Kile kiini chembamba hukusanya mwanga mahali padogo na kuamsha athari zisizo za mstari (mwanga mkali kuliharibu umbo la mawimbi) mapema kuliko mkongo wa kawaida, hivyo kila wimbi liingie likiwa chini kwa desibeli nne au tano ya kiwango unachorushia njiani.

Na usije ukauchukia mtawanyiko wenyewe. Wajapani walitandika kwa wingi mkongo wa G.653 ambao mtawanyiko wake ni sifuri kwenye 1550, wakifikiri wamemaliza tatizo, kisha ilipokuja teknolojia ya mawimbi mengi kwenye uzi mmoja, mawimbi yakaanza kuzaa mawimbi mengine bandia yanayoangukia juu ya yale halali, kwa kuwa hakukuwa na mtawanyiko wa kuyatenganisha njiani. Mtawanyiko mkubwa njiani na jumla ndogo mwishoni ndio mpango tunaoutaka.

DadaWaVipimo, Tabata, amejibu:

Shikamoo mzee, na nakubaliana na yote uliyoandika. Ninachoongeza ni kwamba asinunue chochote kabla ya kupima.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mradi ambao sitautaja, tukahesabu kila kitu kwa kutumia karatasi za mwenye mkongo. Moduli zikaagizwa, zikakaa bandarini, zikaja, tukafunga, na makosa yakawa mengi kuliko kabla ya kufunga. Tulihangaika siku nne. Mwishowe mzee mmoja wa zamu ya usiku akatuuliza kama kuna aliyetazama mchoro wa OTDR, kipimo kinachorusha mwanga kwenye uzi na kusoma mwangwi wake, kutoka pande zote mbili. Hakuna aliyetazama. Kumbe barabara ilipopanuliwa, kipande kirefu cha mkongo kilihamishwa na kutandikwa upya kwa masalia ya G.655 yaliyokuwa stoo, na mtawanyiko wa G.655 ni kama 4 badala ya 17. Tulikuwa tumefidia kilomita ambazo hazikuhitaji kufidiwa.

Kaka, alama ya kutafuta ni hii. Ukipima kutoka upande mmoja, kwenye ungio utaona mstari ukipanda juu badala ya kushuka, kana kwamba ungio linazalisha mwanga. Halizalishi. Uzi unaofuata una eneo dogo la mwanga, hivyo unarudisha mwangwi mwingi zaidi kuelekea kwenye kipimo. Ukipima kutoka upande wa pili, ungio hilo hilo litaonyesha hasara kubwa kupita kiasi. Ukiona jozi ya namna hiyo, kupanda sehemu moja na kushuka kilomita kadhaa mbele, ujue katikati yake kuna mkongo wa aina nyingine. Baada ya hapo kodisha kipimo cha mtawanyiko kwa siku moja. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na moduli isiyofaa.

Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau: mteja wako akiwa mtandao wa simu anayetaka kupitisha muda sahihi juu ya njia hii, hakikisha mwendo wa kwenda na wa kurudi una moduli za aina moja na urefu mmoja. Moduli ya kilomita 80 ina karibu kilomita 14 za uzi ndani yake, na kila kilomita inachelewesha mwanga kwa mikrosekunde 5, jumla kama 70. Ukifunga mkongo fidia upande wa kwenda na wavu wa Bragg (moduli ya aina nyingine, inayofidia kwa kuakisi mwanga) upande wa kurudi, ambao hauna urefu wa kuhesabika, saa ya mwisho itakosea kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani mikrosekunde 35, wakati minara mingi ya kisasa inataka kosa lisizidi 1.5. Njia itapitisha data bila lawama yoyote, huku minara ikigombana yenyewe kwa yenyewe na hakuna atakayekushuku wewe.

Mwangaza_Kimara amejibu:

Naingia kwenye swali la mwisho ambalo wakubwa zangu wameliruka. Ikiwa kweli mnahamia gigabiti 100 za koherenti, moduli zote hizi hazitahitajika, kwa sababu kipokezi cha koherenti hupokea umbo zima la wimbi, pamoja na awamu yake, kisha kinaondoa mtawanyiko kwa hesabu ndani ya chipu, hata ukiwa makumi ya maelfu ya pikosekunde. 3,434 kwake si kazi. Tena mkongo fidia ulioachwa njiani unakidhuru kidogo badala ya kukisaidia, kwa zile athari zisizo za mstari alizozitaja mzee.

Msichanganye lakini na transiva za gigabiti 100 zisizo za koherenti, zile za bei nafuu zinazotumia viwango vinne vya mwanga. Hizo uvumilivu wake ni kama pikosekunde 100 tu kila upande, na zimekusudiwa safari za kilomita 80 hivi. Kwa njia yenu hazifai.

Kama bajeti inaruhusu, ningenunua moduli za wavu wa Bragg kwa pande zote mbili. Hasara yake ni desibeli tatu au nne tu, haziogopi nguvu kubwa, hazicheleweshi, na wimbi la kwanza la koherenti likija litapita humo bila madhara makubwa, mradi wavu wenyewe uwe wa bendi nzima au njia zake zilingane na mawimbi yenu. Wakati wa mpito, acheni nafasi kati ya wimbi la koherenti na yale ya gigabiti 10, kwa maana kuwaka na kuzima kwa mawimbi ya zamani huivuruga awamu ya jirani yake.

NuruKijitonyama ameandika:

Nashukuru sana, mzee, dada na Mwangaza. Tumepima Jumamosi kutoka pande zote mbili. Kutoka Dar es Salaam mstari ulipanda kwenye kilomita ya 19 na kushuka kwa kishindo kwenye kilomita ya 37. Kutoka Chalinze ilikuwa kinyume chake, kama dada alivyosema. Kipimo cha mtawanyiko kimetoa 3,190 kwenye 1550 kwa njia nzima. Moduli za muuzaji zingetupeleka hasi 210, wakati zile za kilomita 80 zinatuacha na 470.

Tumeagiza nne za wavu wa Bragg, mbili kwa kila upande: moja ikae kati ya hatua za amplifaya ya Chalinze na nyingine baada ya amplifaya ya mwisho. Nafasi ya nanomita mbili juu ya 1552 tumeiacha wazi kuwa mpaka. Mwenye mkongo tumemwandikia barua na kumwambatishia michoro yote miwili, tukimwomba arekebishe karatasi zake.

MzeeWaMaungio, Ubungo, amejibu:

Vema. Pima tena nguvu ya kila wimbi ukishafunga, kwa sababu wavu unakula desibeli chache kuliko nilizokuhesabia, na amplifaya ya Chalinze ikiachwa kwenye mpangilio wa mkongo fidia itarusha kwa nguvu iliyozidi kwenda Morogoro.

DadaWaVipimo, Tabata, amejibu:

Na bandika karatasi ya 3,190 na tarehe yake ndani ya mlango wa kabati, Chalinze. Karatasi zilizobaki ofisini hazifiki kibandani saa nane usiku.