Mrejesho: mama ameanza kuandika nukta nundu

Assalamu alaikum. Niliuliza jinsi mama yangu, aliyepoteza uwezo wa kuona, angejifunza kuandika nukta nundu (Braille, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole) nyumbani kwetu Likoni bila mashine ya Perkins ya kuchapia nukta hizo, ambayo bei yake hatuimudu. Nawashukuru nyote kwa dhati. Kipande cha trei ya mayai chenye mashimo 6 kilimwelewesha mpangilio wa nukta, na sasa anaandika jina lake kwa kibao na kalamu ya kutobolea. Kwa kibao, nukta hutobolewa nyuma ya karatasi, kisha karatasi hupinduliwa ili zisomwe, kwa hiyo huandikwa kutoka kulia. Hilo halikumsumbua, kwa kuwa amesoma Kurani tangu utotoni. Kinachomsumbua hadi leo ni herufi kugeuka karatasi inapopinduliwa, hivyo e husomeka i, na d husomeka f. Karatasi za daftari zilichanika, lakini za kalenda kuukuu zilifaa sana.