Tupeane uzoefu: ulipoitwa kutoa maoni juu ya chekechea, kliniki na watoto, ilikuwaje?

Bi Mkomani (Lamu)
Assalaam aleikum jamaa. Hili jambo limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita, naona nilitue hapa.

Alhamisi alasiri tulibandikiwa tangazo ukutani: Jumatatu saa 3 asubuhi kuna kikao cha kaunti cha kuchukua maoni ya wananchi juu ya huduma za watoto na familia. Jumatatu kwetu ndiyo siku ya kliniki ya watoto. Yaani wenye watoto wachanga, ambao ndio wenye maneno, saa hiyo wamo kwenye foleni ya mizani na sindano. Mwanangu alipodungwa tu nikampakata nikatoka mbio, huku yeye analia na mimi nasukumana na punda uchochoroni. Nafika saa 5 kasoro. Wazee wamejaa safu za mbele, kina mama wanne nyuma kabisa karibu na mlango, daftari la mahudhurio limeshafungwa. Mwenye kipaza sauti akasema, "Bado dakika kumi, kama kuna mama ana swali."

Swali! Mimi nilikuja na maoni.

Nikasema moja tu: chekechea ya mtaani petu haina maji ya kunywa, watoto wa miaka minne huja na chupa kutoka nyumbani, na ikifika saa 4 zimekwisha. Nikajibiwa, "Limenukuliwa, mama." Nilipochungulia, kalamu ya mwandishi ilikuwa bado na kifuniko chake.

Msimu wenyewe ndio huu, kwa kuwa mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Nambieni ya kwenu yalikwendaje, mazuri na mabaya. Majina ya watu na ofisi tuyaache, tusije tukaitwa mahali.

Mwana wa Kizingitini
Wewe dada una bahati, ulikwenda kwa miguu.

Sisi tuko kisiwa cha Pate, na kikao chetu cha kwanza kilifanywa Amu, yaani Lamu mjini. Kikundi cha kina mama kilituchagua wanne, nauli tukachangiwa na watu wa kijiji. Maneno yetu yalikuwa moja: boti ya kubeba wazazi usiku. Mke akishikwa na uchungu huku kwetu saa 8 za usiku, kwanza watafuta nahodha, kisha watafuta mafuta, kisha watazama kama maji yamejaa. Basi siku hiyo ya kikao ilikuwa bamvua, maji yamekupwa vibaya, tukakwama kwenye mkondo wa Mkanda karibu saa mbili nzima tukitazama mikoko. Tulipofika ukumbini inasomwa dua ya kufunga. Tukapewa sahani za pilau. Tumekula chakula cha kikao ambacho hatukufungua mdomo isipokuwa kwa kula.

Mwaka uliofuata tulituma barua mapema: njooni nyinyi kwetu, na saa za maji kujaa hizi hapa, tumewaandikia. Wakaja. Tena walikuja kaskazi, wanaume wengi wako baharini, kwa hiyo kikao kikajaa wanawake watupu. Sijawahi kuona. Bibi mmoja, mkunga wa miaka mingi, aliwaambia wale maafisa, "Mtoto hangoji maji kujaa." Wakanyamaza wote.

Boti haijaja mpaka leo, nisiwadanganye. Lakini imeandikwa kwenye mpango, na ukurasa naujua. Kila afisa akitua gatini namfungulia.

Kijana Muyeye
Malindi kwetu kuna watu tunawaita wajumbe wa kudumu. Kikao cha maji wapo, cha vijana wapo, cha watoto wapo, na wengine wajukuu zao wana ndevu. Wao hupigiwa simu jana yake, sisi tunaona picha baadaye. Nilipomuuliza mzee mmoja alisema nini kuhusu chekechea, akanijibu, "Nilisaini."

Teacher wa Ganda
Mimi nafundisha chekechea, na kisa changu kina aibu kidogo upande wangu mwenyewe.

Tulipoambiwa kikao kinakuja kwenye wadi, mimi na wazazi tulikaa tukakubaliana tuombe darasa jipya. Tuna watoto wengi, chumba kimoja. Siku mbili kabla, sijui kwa nini, nikawapa watoto karatasi na kalamu za rangi nikawaambia wachore kitu wasichokipenda hapa shuleni. Nilitarajia wachore kubanana kwenye mkeka.

Wengi wakachora choo. Mmoja alichora kitu cheusi nikadhani ni gari, akaniambia ni popo. Wengine walichora mlango umelala chini. Na kweli mlango ulikuwa umeng'oka tangu mvua za masika, tukauegemeza ukutani, na mimi nikauzoea. Msichana mmoja mdogo akanieleza kwamba yeye hanywi maji asubuhi ili asihitaji kwenda mle ndani. Miaka mitano huyo. Niliketi chini.

Kwenye kikao nikapeleka michoro ile kumi na minane badala ya hotuba. Wazazi wengine walinikasirikia, wakasema nimetupa nafasi ya darasa kwa ajili ya mlango. Huenda. Lakini mlango hatukungoja bajeti ya mtu: fundi mmoja aliyekuwamo kikaoni, baba wa mtoto, alikuja Jumamosi na bawaba mbili akautia. Popo nao waliondoka baada ya kuezekwa upya, hilo lilichukua zaidi ya mwaka. Darasa bado twaomba.

Baba Kakuyuni
Mimi niliaibika kwa njia nyingine. Nilisimama mbele ya watu nikadai madarasa ya msingi na mabati, nikapigiwa makofi. Kisha afisa akasema kwa upole kwamba shule ya msingi si ya kaunti, ni ya serikali kuu. Nafasi yangu ikaisha hapo. Hakuna aliyetuambia kabla.

Karani wa zamani
Baba Kakuyuni, hilo huwapata wengi. Niliandika kumbukumbu za vikao hivi miaka kadhaa, kaunti sitaji. Jedwali la Nne la Katiba limegawa: chekechea, vituo vya kulelea watoto, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na vituo vya afya ni kaunti. Msingi na sekondari ni serikali kuu, na madarasa ya huko mara nyingi hutoka mfuko wa eneo bunge, kwa mbunge. Ukisimama mahali sipo, neno lako huandikwa "limepokelewa" na safari yake huishia hapo.

Na niwaambie siri isiyo siri. Jioni mwandishi ana kurasa arubaini za "tunaomba serikali itukumbuke." Hizo hukunjwa zote zikawa mstari mmoja: wananchi waliomba huduma bora. Aliyesema "tangi la maji, chekechea fulani, mtaa fulani, watoto kadhaa, bomba la karibu liko hatua mia mbili" huyo hupata mstari wake peke yake. Bi Mkomani, ya kwako ilikuwa ya namna hiyo, ila uliisema kwa mdomo. Iandike. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Muhuri ndio kifuniko cha kalamu kufunguka.

Mkikosa sasa, milango mingine ipo: karatasi ya mikakati ya fedha ya kaunti, hutakiwa bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mlango wa Aprili ndio wenye pesa, na ndio watu huwa wameshachoka.

Pwani Mkavu
Yote maneno. Wanakuja wakiwa wameshaamua, wanataka sahihi zetu tu. Mimi siendi tena.

Karani wa zamani
Kuamua kabla wanaweza, kaka. Lakini watu wa Lamu si wa kuambiwa hivyo. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira Juni 2019, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Mwaka mmoja kabla, mahakama kuu ya Malindi iliamua kwenye kesi ya bandari ya Lamu kwamba wavuvi wapata 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Vikao vya kusaini vilishaangusha mambo makubwa kuliko chekechea.

Pwani Mkavu
Na fidia ilichukua miaka mingapi kuzungumzwa? Mtoto wa chekechea atakuwa na mke.

Mama wa Barani
Nyote mmesema kweli, hata Mkavu. Mimi mwanangu hasikii. Nilikwenda vikao vitatu, hakuna mtu wa lugha ya ishara hata kimoja, na vyote vilikuwa juu ya "watoto wote". Cha tatu nilikwenda naye, nikasimama nikazungumza naye kwa mikono mbele ya watu, kimya, dakika nzima. Watu wakaanza kunung'unika hawaelewi. Nikakaa.

Cha nne mkalimani alikuwepo. Mwanangu akamuuliza kwa nini viti vya ukumbini ni virefu.

Bi Mkomani (Lamu)
Mashallah Mama wa Barani, umeniliza na kunichekesha.

Jana usiku nimeandika. Tangi, mtaa, watoto 47, hatua za bomba nimehesabu mwenyewe na watoto nyuma yangu wakihesabu vibaya. Kina mama kumi na mmoja wametia sahihi kwenye foleni ya kliniki, muuguzi akatuazima wino. Nakala mbili. Kesho naipeleka. Mwana wa Kizingitini, kama wewe au mwenzio anakuja Amu wiki hii, nipe ile barua yenu ya saa za maji niione mlivyoipanga, sisi tunataka kuandika ya siku za kliniki.

Mwana wa Kizingitini
Shemeji yangu anakuja Alhamisi. Maji yanajaa saa 11 alfajiri. Atakuwa gatini saa 2, ana kofia nyeupe na kapu la kamba.