Kikundi cha Familia: Sosi ya Chokoleti

Zuhura: Shikamoo Shangazi, shikamooni wakubwa wote. Jumamosi nina wageni, na ningependa kuwaandalia aiskrimu yenye sosi ya chokoleti niliyoipika mwenyewe. Ninao unga wa kakao na pia chokoleti nyeusi ya vipande. Naomba mnishauri nitumie kipi.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kwa aiskrimu tumia unga wa kakao, kwa sababu sosi yake hubaki ya kumiminika hata ikipoa, ilhali ile ya chokoleti na krimu hukazana ikikutana na baridi. Chukua sukari gramu 200, kakao gramu 75 na chumvi kidogo sana, uvichanganye vikavu sufuriani kabla ya kutia tone lolote la maji. Kakao ina mafuta, hivyo ukiimwaga peke yake majini huelea na kufanya madonge ambayo ukiyapasua unakuta unga mkavu ndani. Sukari huzitenganisha chembe zake, nayo inapoyeyuka kila chembe hufikiwa na maji.

Shangazi: Kisha pima maji mililita 250. Tia kidogo kwanza, ukoroge mpaka upate uji mzito usio na donge, ndipo umalizie yaliyobaki. Ikishachemka, punguza moto uiache itokote taratibu kwa dakika 3 huku ukikoroga. Tafadhali usizifupishe dakika hizo, kwani kakao ina wanga unaohitaji kuiva ili sosi iwe nzito na ladha ya ubichi iondoke. Tumia sufuria yenye kina, maana huumuka ghafla.

Zuhura: Nitajuaje kwamba imeiva?

Shangazi: Usiihukumu kwa uzito ikiwa bado jikoni, kwa kuwa ya moto huonekana nyepesi na huongezeka uzito inapopoa. Chovya kijiko, upitishe kidole mgongoni mwake. Alama ikibaki bila kujifunika, epua. Vanila itie baada ya kuepua, kwani harufu yake hupotea na mvuke.

Mama Mdogo: Nakubaliana na Shangazi kuhusu aiskrimu, lakini kwa keki sioni kinachoishinda ya chokoleti na krimu. Katakata chokoleti gramu 200 iwe midogo, upashe krimu mililita 200 mpaka vipovu vionekane pembeni, uimimine juu na kuiacha dakika 2 kabla ya kukoroga kuanzia katikati. Mwanzoni utaona michirizi myeupe na ya kahawia kana kwamba imekatika. Endelea tu, itakuja kung'aa.

Idi: Mama Mdogo, nasikia tone moja la maji huiharibu chokoleti iliyoyeyushwa. Mbona krimu, yenye maji mengi, haiiharibu?

Mama Mdogo: Umeuliza jambo la msingi, mwanangu. Maji machache huilowesha sukari kiasi cha kuzigandamanisha chembe, chokoleti ikawa donge gumu. Yakiwa mengi, huiyeyusha sukari na chembe huachana. Kwa hiyo ikikaza, msiitupe: ongezeni maji ya moto kijiko kimoja kimoja huku mkikoroga, nayo italainika ifae kwa sosi. Iliyoungua ndiyo haina dawa.

Zuhura: Basi nitapika ya kakao Ijumaa jioni. Je, nikiihifadhi kwenye chupa safi, itakaa?

Shangazi: Kwenye friji itakaa hata wiki 2, ila ya krimu itumike ndani ya siku chache. Ikiwa nzito mno, iweke chupa kwenye bakuli la maji ya moto, kisha uikoroge.

Zuhura: Nashukuru sana, Shangazi na Mama Mdogo.